Mvua ikifunga anga: koperative na ndege ya wagonjwa

Mara nyingi kwenye ukurasa huu tunaongea juu ya mbegu, kahawa na magonjwa ya mihogo. Leo tuongee juu ya ndege inayokuja kuchukua mgonjwa, na juu ya mvua inayoizuia. Mutajiuliza agronomu anatafuta nini kwenye mambo ya ndege. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kisha mutaelewa.

Ilikuwa mwezi wa nne, mvua ikiwa kubwa. Nilikuwa kwenye vilima vya juu ya ziwa Albert kwa mafunzo ya siku tatu juu ya ugonjwa wa mozaiki ya mihogo. Siku ya pili asubuhi tulikuta watu wengi mbele ya kituo cha afya. Mama mmoja, memba wa koperative, alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake jioni. Muuguzi mkuu wa kituo alituambia kwamba mtoto amelala kikingama, haiwezekani azaliwe bila operesheni. Hospitali yenye kufanya operesheni ilikuwa mbali, na daraja la miti lilikuwa limebebwa na maji usiku ule. Moto haipiti, gari ndiyo kabisa hapana.

Muuguzi akapiga simu. Wakamjibu kwamba kuna helikopta Bunia, inaweza kuja na kushuka kwenye uwanja wa mpira karibu na depo ya koperative, kama hali ya hewa inaruhusu. Wakauliza kule kukoje. Yeye alikuwa na mgonjwa mikononi, akanipa simu mimi. Kwa sababu gani mimi? Sababu nilisoma. Kwenye institu tulifundishwa hali ya hewa kwa ajili ya kilimo.

Nilitoka inje na kutazama. Niliona bati la depo. Niliona mikalitusi ya mwisho wa uwanja. Mlima wa ng'ambo ya bonde sikuuona, ulikuwa ndani ya ukungu mzima. Juu ya kichwa kulikuwa na sehemu ndogo yenye mwanga. Watu wote walikuwa wananiangalia, na mume wa yule mama alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Nikasema kwenye simu: kunaanza kufunguka.

Saa moja haikupita, tukasikia helikopta. Watu wakapiga makofi. Sauti ikakaribia, ikapita nyuma yetu, kisha ikatoka upande wa chini, ndani ya bonde. Ndugu zangu, sisi tulikuwa juu na helikopta ilikuwa chini yetu, ndani ya ukungu, katikati ya vilima viwili. Tuliisikia, hatukuiona. Ikazunguka mara moja, ikapanda, sauti ikapotea upande wa Bunia. Yule baba akaniuliza: «Injeniya, wanaenda wapi?»

Vijana wa koperative walimbeba mama kwenye tipoyi, wakipokezana, wakavuka mto kwa miguu. Walifika hospitali usiku. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Siku zilizofuata watu walisema helikopta inatua kwa wakubwa tu, kwa mkulima inarudi. Nilisikia, nikanyamaza. Baadaye, Bunia, nilikutana na rubani yule. Hakunikemea. Aliniuliza jambo moja tu: wakati nilisema kunafunguka, nilikuwa naona mlima wa ng'ambo? Nikamjibu hapana. Akaniambia kwamba ndani ya helikopta walikuwa watu wanne.

Haya mambo yamekwisha kutokea

Usifikiri kwamba rubani anaogopa mvua kwa uvivu. Sisi wa mashariki ya Kongo tuko na mifano yetu.

Tarehe 1 mwezi wa tisa 2008, ndege ndogo ya huduma ya misaada, aina ya Beechcraft 1900 ya Air Serv, ilikuwa inatoka Kisangani kwenda Bukavu. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Ndege iligonga mlima karibu na Bukavu kabla ya kufika uwanjani. Watu 17 walikuwa ndani, wote walikufa. Wengi walikuwa wafanyakazi wa misaada, watu wa kazi kama hii inayotuletea mbegu na dawa. Mlima ni mkali kiasi kwamba hata kuwafikia ilikuwa kazi ngumu.

Tarehe 4 mwezi wa nne 2011, ndege ya Umoja wa Mataifa iliyotoka Kisangani ilikuwa inashuka Kinshasa, uwanja wa N'Djili. Dhoruba ilikuwa inapita juu ya uwanja saa ile ile. Ndege ilianguka kwenye uwanja wenyewe. Ndani yake mulikuwa watu 33. Mmoja tu alipona.

Na helikopta? Mwezi wa nane 2012 helikopta za jeshi la Uganda zilikuwa zinavuka Kenya kwenda Somalia. Tatu kati yake zilianguka kwenye mlima Kenya, siku moja, kwenye mlima mmoja. Hizo zilikuwa helikopta kubwa za vita, na marubani wake ni askari waliofundishwa. Mlima uliofunikwa na mawingu haukujali.

Hata wale wanaokwenda kuokoa wagonjwa wanapoteza maisha. Tarehe 7 mwezi wa nane 2025, ndege ya wagonjwa ya AMREF ilianguka muda mfupi tu baada ya kuruka Nairobi. Walikufa watu wanne wa ndani na wawili waliokuwa chini. Tarehe 24 mwezi wa kumi na mbili mwaka huo huo, helikopta iliyokwenda kuchukua wagonjwa kwenye mlima Kilimanjaro ilianguka karibu na kambi ya Barafu. Watu watano walikufa, pamoja na daktari na wagonjwa wenyewe. Sitaji ajali hizi mbili kwa sababu ya mvua. Nazitaja ili tukumbuke kwamba kuruka kwa ajili ya mgonjwa ni kazi yenye hatari hata siku ya kawaida. Tukiongeza mawingu na maneno ya uongo kwenye simu, tunaongeza hatari juu ya hatari.

Sababu gani mawingu yanaangusha ndege

Nitaeleza kwa njia ya shamba, kwa sababu mambo haya munayajua tayari, munayaita tu kwa majina mengine.

Jambo la kwanza ni macho. Ndege kubwa inayoshuka kwenye uwanja mkubwa iko na vyombo vya kuiongoza mpaka chini. Uwanja wa mpira wa kijiji hauna chombo hata kimoja. Rubani wa helikopta anakuja kwetu kwa macho yake: anafuata barabara, mto, bati za kanisa, mlima anaoujua. Akiingia ndani ya wingu, vyote vinapotea mara moja. Na mwili wake unaanza kumdanganya. Ndani ya sikio kuna maji yanayotuambia wapi juu, wapi chini. Bila macho, maji yale yanakosea. Rubani anasikia kama ananyooka, kumbe anapinda na kushuka. Mtoto akizungushwa huku amefunga macho, akisimama anaanguka. Ni ile ile.

Jambo la pili ni mahali tunapokaa. Bunia iko zaidi ya mita 1200 juu ya bahari. Ziwa Albert liko chini, kwenye mita kama 620. Kati yake kuna milima inayopita mita 2000. Hewa yenye maji inatoka ziwani, inapanda kando ya milima, inapoa, inageuka ukungu na wingu. Ndiyo maana asubuhi munakuta kahawa yenu imelowa umande na mlima umejifunika. Kwa kahawa ni baraka. Kwa rubani ni ukuta asiouona, na nyuma ya ukuta ule kuna jiwe.

Jambo la tatu ni upepo wa mvua. Kila mkulima anaujua: mvua haijafika, lakini upepo wa baridi unakuja ghafula, unalaza mahindi yote upande mmoja. Upepo ule unatoka wapi? Unatoka juu, ndani ya wingu la radi. Mvua inapoanguka inavuta hewa ya baridi pamoja nayo, hewa ile inapiga chini na kutawanyika pande zote, kama maji ya ndoo yakimwagwa sakafuni. Ndege ikiwa juu sana, inatikisika na kupita. Ikiwa karibu na ardhi, inasukumwa chini na haina nafasi ya kujiokoa. Kinshasa mwaka 2011 ndege ilikutana na upepo wa namna hiyo. Ukiona mahindi yamelala, kumbuka.

Jambo la nne ni saa. Wakati wa mvua, tangu mwezi wa tatu mpaka mwezi wa kumi na moja, asubuhi kuna ukungu, katikati kunafunguka, na mchana radi zinajengeka. Jioni saa kumi na mbili giza linaingia, na viwanja vyetu vya porini havina taa. Kwa hiyo nafasi ya kuruka vizuri ni fupi: mara nyingi kati ya saa tatu asubuhi na saa saba mchana. Familia ikikaa na mgonjwa mpaka saa tisa ikingoja kuona kama atapata nafuu, kisha ikapiga simu, imetupa nafasi nzuri na kuomba ile mbaya.

Koperative inaweza kufanya nini

Koperative haiendeshi ndege. Lakini kuna mambo ambayo yako mikononi mwetu, na gharama yake si kubwa.

Tuseme kweli kwenye simu. Koperative nyingi tuko na kipima mvua na daftari. Kila asubuhi mtu anaandika milimita. Daftari lile lile linaweza kusaidia rubani. Chagueni alama tano munazoziona kutoka uwanja wenu: mti, bati la shule, kanisa, kilima cha karibu, mlima wa mbali. Pimeni umbali wake kwa kamba au kwa simu yenye ramani, muandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Siku ya hatari usiseme «kuko muzuri» wala «kunafunguka». Sema: ninaona kanisa, kilomita moja. Kilima cha kilomita tatu sikioni. Wingu limefunika nusu ya mlima. Moshi wa jikoni unalala upande wa ziwa. Radi nasikia, upande wa mashariki. Mvua ilinyesha usiku, uwanja uko na maji. Huko ndiko kusaidia. Rubani ataamua mwenyewe, yuko na elimu ya kuamua. Na anayeongea asiwe ndugu wa mgonjwa, kwa sababu macho ya ndugu yanaona anachotaka kuona. Mimi sikuwa ndugu, na bado macho yangu yalinidanganya. Afadhali watu wawili watazame pamoja, kila mmoja aseme anachoona, kisha mmoja aongee.

Tulinde uwanja. Kwa helikopta inatakikana sehemu wazi, iliyo sawa, si chini ya mita 30 kwa 30, bila waya wala miti mirefu kando. Mambo mepesi ndiyo hatari kubwa: shitingi, bati lililolegea, magunia matupu, mihogo iliyoanikwa. Upepo wa helikopta unayarusha na yanaweza kuingia kwenye panga zake. Kwa hiyo mama zetu wanaoanika kahawa na mihogo karibu na uwanja wapewe habari mapema, wasikute mazao yao yamepeperuka. Kwenye viwanja vya ndege ndogo, majani yakatwe, mbuzi wafungwe, na njia ya moto isipite katikati, kwa sababu alama ya gurudumu kwenye matope inaweza kupindua ndege. Watu wasiikaribie helikopta mpaka mtu wa ndani awaite kwa mkono. Wapite mbele, pale rubani anawaona, wakiwa wameinama. Kamwe wasipite nyuma, kwenye mkia. Panga ya mkia inazunguka na jicho haliioni. Kama uwanja umeinama, waje kutoka upande wa chini, kwa sababu upande wa juu panga zinakaribia vichwa.

Tuite mapema. Koperative ikubaliane na muuguzi wa kituo ni alama gani za hatari zinatosha kupiga simu bila kungoja: mama mwenye uchungu mrefu au anayetokwa na damu nyingi, mtoto anayerukwa na akili kwa homa, mtu aliyeumwa na nyoka, mtu aliyeanguka na kuvunjika. Usiku hakuna ndege, lakini simu ya usiku inasaidia ili kesho saa kumi na mbili asubuhi watu wajue tayari, na muanze kuwaambia hali ya hewa kila saa.

Tuwe na njia ya pili, na tuianze bila kungoja. Hapa ndipo tulipoteza saa nyingi siku ile. Tulikaa tukitazama mbingu mpaka helikopta iliporudi, ndiyo tukaanza kutafuta miti ya tipoyi. Tipoyi iwe depo, imekwisha tengenezwa, pamoja na shitingi ya kufunika mgonjwa, kamba na taa. Majina ya wabebaji yaandikwe, vijana kumi na wawili, wakipokezana wanne wanne. Muuguzi aseme ni kijiji gani helikopta inaweza pia kushuka njiani, mahali pa chini ambapo ukungu unaondoka mapema. Hivyo munamsogeza mgonjwa na munangoja ndege pamoja.

Tuweke akiba. Hata ndege ikija bure, hospitali inahitaji pesa ya dawa, chakula cha mlinzi wa mgonjwa, na safari ya kurudi. Koperative yenye MUSO inaweza kufungua kasha dogo la afya. Wanamemba 120, kila mmoja akitoa franka 500 kwa mwezi, ni franka 60.000 kwa mwezi, 720.000 kwa mwaka. Si nyingi, lakini zinazuia familia kuuza mbuzi au shamba kwa siku moja.

Na kama ndege ikianguka karibu na kwetu? Mungu atuepushe. Lakini watu wa Bukoba, Tanzania, hawakujua pia. Tarehe 6 mwezi wa kumi na moja 2022, ndege ya abiria ya Precision Air ilianguka ndani ya ziwa Victoria karibu na uwanja, katika hali mbaya ya hewa. Watu 43 walikuwa ndani. 19 walikufa, 24 walipona. Waliofika kati ya wa kwanza kabisa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mtu wa karibu ndiye msaada wa kwanza. Kwa hiyo: pigeni simu mara moja na museme mahali kwa jina la kijiji na mto. Zimeni moto wote, hakuna sigara, kwa sababu ya mafuta. Waliojeruhiwa musiwavute ovyo, isipokuwa moto unakuja. Musichukue hata kipande kimoja cha ndege, kwa sababu vipande ndivyo vinavyowaambia wachunguzi sababu ya ajali, na sababu ikijulikana wengine wanaokoka.

Daraja

Mwezi uliopita nilirudi kwenye koperative ile. Nilimtafuta mume wa yule mama, tukakaa kwenye ngazi ya depo, nikamwambia kila kitu: kwamba sikuuona mlima, kwamba niliyosema kwenye simu hayakuwa ya kweli, na kwamba helikopta haikuwakimbia kwa sababu ni wakulima. Alinyamaza muda mrefu. Hakunisamehe kwa maneno, na sikumuomba. Kisha akasema: injeniya, helikopta ni ya siku moja, mto uko pale kila siku. Tutengeneze daraja kwanza.

Salongo ya daraja imepangwa kila siku ya sita asubuhi, mpaka mvua zianze tena. Miti imekatwa tayari. Alama tano zimepimwa: mikalitusi mita 150, kanisa mita 900, shule kilomita 2, kilima cha makaburi kilomita 3, na mlima wa ng'ambo kilomita 5. Ziko kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la mvua.

Tunaomba kila koperative iweke jambo hili kwenye mkutano mkuu ujao, pamoja na muuguzi wa kituo chenu. Andikeni alama tano, majina ya wabebaji, na mahali tipoyi iko. Animateri wenu atapita kuchukua nakala, ili watu wa Bunia wakipokea simu yenu wajue mnaongea juu ya mlima gani.